Kosa Linalorudi Kila Ukaguzi: Kutafuta Chanzo Chake Jikoni

Mgahawa ukikaguliwa mara tatu, na fomu zote tatu zikaandikwa kwamba chakula kilichopikwa kilikutwa katika joto lisilofaa, basi hatua zilizochukuliwa baada ya ukaguzi wa kwanza na wa pili hazikugusa chanzo. Mara nyingi sufuria iliyokutwa siku hiyo humwagwa, mpishi hukaripiwa, sakafu hupigwa deki kwa bidii siku mbili tatu, kisha kazi hurudi palepale ilipokuwa. Fomu huandika dalili tu. Ugonjwa wenyewe umejificha katika mpangilio wa jiko, katika friji, katika saa za kufunga, na wakati mwingine katika namna wafanyakazi wanavyolipwa. Mwongozo huu ni kwa mwenye mgahawa au msimamizi wa jiko ambaye ana fomu mkononi na anataka dalili ile isirudi tena. Nimesimamia majiko ya migahawa ya pwani kwa miaka mingi, na yapo makosa humu ambayo niliyafanya mimi mwenyewe kabla sijaelewa madhara yake.

Anza kwa kuzisoma fomu zenyewe

Kwa Tanzania Bara, anayekuja mlangoni kwa kawaida ni afisa afya wa halmashauri, ambaye wengi tunamwita Bwana Afya au Bibi Afya, na kazi yake inaongozwa na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Usimamizi wa usalama wa chakula, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019, kwa hiyo mgahawa mmoja unaweza kuwa na nyaraka zilizotoka pande zote mbili. Zikusanye zote, zipange mezani kwa tarehe, kisha pigia mstari kila maoni yaliyojitokeza zaidi ya mara moja.

Baada ya hapo tenganisha yale yanayoweza kumlaza mteja hospitalini leo na yale ambayo ni ya jengo. Joto la chakula, mikono, maji, mfanyakazi mgonjwa, na nyama mbichi kugusana na chakula kilicho tayari, hayo ni ya kwanza. Rangi ya ukuta iliyobanduka na taa isiyo na kifuniko yanastahili kurekebishwa, lakini yanaweza kusubiri wiki. Jiji la New York, ambalo tangu mwaka 2010 hubandika herufi mlangoni mwa kila mgahawa, hutumia mantiki hiyohiyo: kila kosa lina pointi zake kulingana na uzito wa hatari, na mgahawa wenye pointi 0 hadi 13 hupata A. Kwetu hakuna herufi mlangoni, lakini mwenye mgahawa anaweza kujipimia hivyo, badala ya kutumia fedha zote kwenye vigae huku wali wa jana ukiwa juu ya meza.

Dalili: chakula kilichopikwa kimekutwa katika joto lisilofaa

Hili nitalikalia muda mrefu, kwa sababu ndilo linalorudi kuliko mengine yote na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kiwekwe juu ya nyuzijoto 60 au chini ya nyuzijoto 5, na kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba. Kati ya namba hizo mbili bakteria huongezeka, na joto la jiko la pwani ndilo wanalolipenda.

Chanzo cha kwanza cha kukiangalia ni ukubwa wa sufuria. Usiku mmoja tulibakiwa na pilau nusu sufuria, ile sufuria kubwa ya shughuli. Mpishi aliifunika vizuri, akaiacha juu ya kaunta saa 4 usiku, akaamini kwamba mpaka asubuhi itakuwa imepoa. Saa 12 asubuhi niligusa ubavu wa sufuria, ulikuwa wa baridi kabisa. Nilipochomeka kipimajoto katikati ya pilau, kilisimama kwenye nyuzijoto 37, joto la mwili wa mtu. Saa nane nzima pilau ile ilikuwa imelelewa kama mtoto. Ilipofunuliwa haikutoa harufu yoyote mbaya, na kama si kipimajoto ingepashwa moto na kuuzwa na chai.

Hatari ya kiporo cha wali inatokana na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiiva, mbegu hizo zinabaki hai, na wali ukipoa polepole huota na kutoa sumu. Sumu ile inayosababisha kutapika haiharibiwi na moto wa kupashia. Kwa hiyo usemi uliozoeleka jikoni kwamba "tukipasha vizuri hakuna neno" si kweli kwa wali uliolala nje. Nyama na maharage yaliyopikwa kwa wingi na kupoa taratibu yana mdudu wake mwingine, Clostridium perfringens, ambaye naye hupona moto wa kwanza na kuongezeka wakati chungu kinapopoa.

Dawa yake ni kukipoza chakula kwa haraka. Wali na pilau vitandazwe kwenye sinia au trei, unene usizidi sentimita 5, kisha viingie kwenye friji mvuke unapokatika. Mchuzi ugawanywe kwenye sufuria ndogo, sufuria hizo zikalishwe ndani ya beseni la maji ya barafu, na mtu aukoroge. Kipimo kinachotumika katika kanuni nyingi ni kushuka hadi nyuzijoto 21 ndani ya saa mbili za mwanzo, kisha hadi nyuzijoto 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Mgahawa usio na nafasi ya kutandaza wala friji ya kutosha una dawa moja tu iliyobaki, nayo ni kupika kidogo na kupika tena chakula kikiisha. Wenye migahawa hawapendi kusikia hivyo, lakini sijaona njia nyingine.

Ikiwa chakula kinapozwa vizuri na bado fomu inalalamika, chunguza friji. Weka kipande cha karatasi kwenye ukingo wa mlango, ufunge, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja. Angalia nyuma kama nyavu za mtambo zimejaa vumbi na mafuta. Halafu kaa kando ya friji hiyo kwa nusu saa wakati wa chakula cha mchana na uhesabu mlango unafunguliwa mara ngapi. Katika migahawa mingi friji moja hubeba soda, maji, nyama na tui la nazi kwa pamoja, na kila mteja anayeagiza soda anaichoma nyama joto kidogo. Soda zihamishiwe kwenye friji yake, au hata kwenye kasha la barafu, nyama ibaki peke yake.

Kuna chanzo kimoja ambacho hakionekani mchana. Umeme ukikatika usiku, au LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiisha saa 7 usiku na kununuliwa saa 12 asubuhi, friza huyeyuka na kuganda tena, na anayefungua asubuhi anakuta kila kitu kigumu kama kilivyoachwa. Njia ya kuligundua ni rahisi: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache kikombe ndani ya friza. Asubuhi sarafu ikiwa bado juu, usiku ulikuwa salama. Ikiwa imezama katikati au chini, barafu iliyeyuka, na nyama iliyokuwa humo nayo iliyeyuka. Usiiamini kwa kuwa sasa imeganda.

Mwisho, hakikisha kipimajoto chenyewe hakidanganyi. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka kipimajoto usubiri kitulie. Kinapaswa kusoma 0. Wapo wanaokijaribu kwa maji yanayochemka wakitarajia 100, na kwa Tanga au Dar es Salaam hiyo ni sawa, lakini Arusha, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,400, maji huchemka karibu na nyuzijoto 95, na kipimajoto kizima kinaweza kutupwa bila kosa lolote. Barafu haina tatizo hilo.

Dalili: wateja wamerudi wakisema wameugua

Hapa cha kwanza si kubishana na mteja wala kumwaga chakula kilichobaki. Kihifadhi kwenye friji kikiwa kimefungwa na kuandikwa tarehe na saa, kwa sababu kinaweza kuhitajika kupimwa, na umjulishe afisa afya wewe mwenyewe kabla habari hazijamfikia kwa njia nyingine. Kisha muulize kila mteja maswali matatu: alikula nini, alikula saa ngapi, na alianza kuugua saa ngapi. Muda kati ya kula na kuugua ndio utakaokuonyesha upande wa kuangalia.

Dakika chache hadi saa moja au zaidi kidogo, uso ukawa mwekundu, kichwa kikauma, ngozi ikawasha: fikiria samaki, hasa jodari na vibua. Watu husema ni aleji, ilhali ni histamini, kemikali iliyojijenga ndani ya samaki aliyekaa bila barafu baada ya kuvuliwa. Kupika hakuiondoi, wala kugandisha. Jiko linaweza kuwa safi kabisa na bado mteja akaugua, kwa sababu kosa lilitokea kabla samaki hajafika jikoni: kwenye boti, kwenye mnada, au juu ya bodaboda, akiwa ndani ya mfuko wa plastiki juani. Anayekwenda kununua aende na kasha lenye barafu, na akatae samaki aliyekutwa bila barafu hata akiwa wa bei nzuri.

Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 hukuelekeza kwenye wali uliolala, au kwenye chakula kilichoshikwa na mikono yenye kidonda au jipu, maana bakteria wa jipu, Staphylococcus aureus, naye huacha sumu isiyokufa kwa kupashwa. Maharage mekundu yasiyoiva nayo yamo katika kundi hili. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na yakipikwa juu ya mkaa uliofifia, yakawa ya moto bila kuchemka, sumu hiyo haitoki. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu angalau nusu saa kabla ya kupunguza moto.

Tumbo kukata na kuhara kati ya saa 6 na 24, bila homa na pasipo kutapika sana, ni alama ya mchuzi au nyama iliyopoa polepole, kama ilivyoelezwa juu. Homa na kuhara baada ya siku moja hadi tano huelekea zaidi kwenye kuku au mayai yasiyoiva, au ubao uliokatia kuku kisha ukakatia kachumbari. Kutapika na kuhara kunakoanza saa 12 hadi 48 baada ya kula, kukawapata watu wengi kwa pamoja, wakiwamo wafanyakazi, mara nyingi ni norovirusi, na kwa huyo jeli ya kutakasa mikono haitoshi; kinachotakiwa ni sabuni na maji tiririka. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza, hivyo mteja anayelaumu chakula cha jana kwa homa hiyo pengine ana haki ya kulalamika, ila kwa mlo mwingine.

Kuhara maji mengi kama ya mchele uliooshwa hakusubiri uchunguzi wa mgahawa. Hicho kinaweza kuwa kipindupindu, na simu kwa afisa afya inapigwa saa ileile. Waliofanya biashara ya chakula Dar es Salaam wakati wa mlipuko ulioanza Agosti 2015 wanakumbuka jinsi maji ya kunywa, juisi na barafu vilivyotazamwa. Barafu ndiyo inayosahauliwa zaidi: maji ya kunywa yanachemshwa kwa uangalifu, halafu barafu inanunuliwa mtaani bila kuulizwa imetengenezwa kwa maji gani.

Dalili: sehemu ya kunawia mikono haitumiki

Afisa anaandika hivi baada ya kuona sinki la kunawia limejaa sufuria, au sabuni imechanganywa na maji mpaka haitoi povu, au dumu la koki halina maji. Kuwahubiria wafanyakazi hakusaidii ikiwa anayetoka kumenya kuku anapaswa kupita nyuma ya mpishi wa chipsi, kuondoa masufuria mawili na kuomba sabuni kwa msimamizi kabla ya kunawa. Simama mahali anaposimama yeye, hesabu hatua. Zikizidi chache, hatanawa saa ya msongamano, na wewe pia usingenawa. Dumu lenye koki, ndoo ya kupokea maji machafu na kipande cha sabuni, vikiwekwa kando ya meza ya nyama, vimewahi kumaliza kosa ambalo semina mbili zilishindwa.

Glavu zisikudanganye. Mhudumu anayeshika nyama mbichi, noti na sahani kwa glavu ileile anafanya alichokuwa akikifanya kwa mkono mtupu, tofauti ni kwamba sasa hahisi uchafu.

Dalili: vibao na vitambaa

Ubao mmoja ukikatia kila kitu, nunua wa pili, wa rangi nyingine, na utamke mbele ya wote upi ni wa kibichi. Kitambaa cha kufutia meza ndicho kichafu kuliko vyote, maana hakikauki kutwa nzima. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, mililita 3 katika lita 1 ya maji hutoa takriban miligramu 100 kwa lita, nayo hutosha kwa vibao na meza zilizokwisha kusafishwa kwa sabuni. Juu ya mafuta na mabaki haifanyi kazi. Mahali mtu alipotapika pahitaji nguvu mara kumi ya hiyo.

Dalili: vyeti vya afya vimepitwa na muda

Wahudumu wa chakula wanatakiwa kupima afya kila baada ya miezi 6. Chanzo cha vyeti kupitwa na muda ni chepesi: kila mtu aliajiriwa mwezi wake na hakuna anayeweka kumbukumbu. Andika tarehe zote kwenye karatasi moja ukutani, basi.

Lililo zito ni kwamba cheti husema habari za siku ya kupima. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyetambuliwa mwaka 1907, aliwaambukiza watu homa ya matumbo katika nyumba alizopikia huku mwenyewe akiwa mzima wa afya. Na mara nyingi zaidi, mfanyakazi mwenye cheti halali huamka akiharisha na kuja kazini hivyohivyo, kwa sababu analipwa kwa siku na asipokuja hana cha kupeleka nyumbani. Nimewahi kumkuta msaidizi wa jikoni, dada mwenye watoto wawili, amejishika tumbo nyuma ya stoo huku akikata nyanya za kachumbari. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Kaka, nikisema nitarudishwa." Tangu siku hiyo, katika kila jiko nililosimamia, anayeharisha, anayetapika au mwenye kidonda kinachotoa usaha hukaa mbali na chakula na posho yake ya siku hulipwa, naye hurudi kushika chakula saa 48 baada ya kuhara au kutapika kukoma. Mwenye mgahawa anayeona hiyo ni gharama kubwa alinganishe posho ya siku mbili na mgahawa uliofungwa wiki nzima.

Dalili: mende na panya wanaonekana hata baada ya kupuliza dawa

Dawa huwaua walio nje, maji na chakula huwaleta wengine. Tafuta bomba linalovuja chini ya sinki, maboksi ya kadi yaliyoletwa na bidhaa na kuachwa stoo, mafuta yaliyoganda nyuma ya jiko, na tundu linakopita bomba la maji taka. Panya mdogo hupita tundu ambalo kalamu ya kawaida inaweza kupita. Ziba kwa saruji au waya mgumu, maana kitambaa watakitafuna. Ingia jikoni saa 6 usiku, washa taa ghafla, na uangalie mende wanakimbilia wapi. Huko ndiko kwa kusafisha kesho, kabla ya kununua dawa nyingine. Na dawa yoyote inayopulizwa isikutane na sahani zilizo wazi.

Kujiandaa kwa ukaguzi wa marudio

Kwa kila maoni yaliyopigiwa mstari, andika chanzo ulichokipata, ulichokifanya na tarehe, na mpe afisa karatasi hiyo anapofika. Ongeza daftari la joto: friji na friza asubuhi na jioni, chakula cha moto kila baada ya saa mbili, jina la aliyepima. Daftari lenye "nyuzijoto 4" kila siku kwa mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, halitaaminika, kwa sababu afisa ataifungua friji na kupima mwenyewe, na friji ya kweli hupanda na kushuka. Siku iliyoandikwa "9, LUKU iliisha usiku, nyama kilo 6 imetupwa" ndiyo atakayoisoma mara mbili, kisha atauliza kikombe chenye sarafu kiko wapi.